Tusikilize Rumba ya Kongo

Huku kwetu Lushoto rumba ya Kongo tumeizoea redioni. Je, tunajua kuisikiliza? Kwanza huimbwa polepole. Gita la besi hunguruma chini, la ridhimu hurudia-rudia, la solo humjibu mwimbaji. Halafu waimbaji wananyamaza, magita yanachangamka. Hapo ndipo sebene, na hapo hata baridi ya Usambara inasahaulika!

Lakini maneno yalikuwa Kilingala. Wengi wetu tulicheza tu, bila kuelewa. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978. Yeye aliimba kwa Kiswahili juu ya umaskini na kifo. Basi tuliokuwa tukicheza tukaanza pia kunyamaza, tusikie anasemaje.