Gari la Miti Lililoshushwa: Somo la Uthabiti kwa Shule za Milimani

Kila tunapokwenda kuwakagua wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huchukua daftari la maksi na maneno mengi ya kuwashauri. Mara chache hutokea tukarudi chuoni na ushauri tuliopewa na mwanafunzi wa shule ya msingi. Jambo hilo lilitupata Kinole, nasi tunalieleza hapa pamoja na somo lililotokana nalo, ili mwalimu anayejiandaa kwenda kufundisha alipime na kulitumia.

Kinole iko katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Huko hustawi ndizi, pilipili manga, karafuu na mdalasini, na sehemu kubwa ya mavuno haina budi kuteremshwa mlima ndipo iuzwe. Watu wazima hubeba kichwani au hutumia pikipiki. Watoto, kama watoto wengi wa nchi yetu, hujiundia magari ya miti: mbao mbili au tatu, ekseli mbili za mti mgumu, magurudumu ya vipande vya gogo, na kamba ya kuongozea. Gari hilo ni mchezo, lakini pia hubeba kuni, madumu ya maji na mikungu ya ndizi.

Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha Darasa la Tano somo la mashine rahisi. Alichora gurudumu na ekseli ubaoni kwa ustadi, akaandika maelezo, na wanafunzi wakanakili kimya. Nje ya mlango yalikuwa yameegeshwa magari mawili ya miti ambayo wenyewe walikatazwa kuyasogeza. Mvulana mmoja alikuwa amefungwa kitambaa mkononi. Gari lake lilipinduka juzi yake akiteremsha ndizi, likamlalia. Mwalimu alimtaja kuwa mfano wa mtoto asiyesikia, akawaonya wote waache magari hayo, kisha akaendelea na mchoro wake. Nasi tulimpa maksi nzuri kwa kudhibiti darasa.

Jioni, tukiteremka, tulimkuta mvulana yule kwenye kona akisukuma gari lilelile. Alitusalimu, "Shikamooni, walimu." Tukaitikia, kisha tukamwuliza kwa nini amerudia kosa. Akajibu kwa adabu kwamba mama yake anazisubiri ndizi, na kwamba gari sasa amelibadili. Badala ya kuuweka mkungu juu ya mbao, alikuwa ameuning'iniza chini ya ekseli kwa kamba. "Mzigo ukikaa juu, gari linalewa," alisema. "Ukikaa chini halilewi. Lakini sasa unakwaruza mawe, walimu. Nifanyeje?"

Tulimwambia apanue gari. Alitutazama, kisha akatuonyesha njia iliyo mbele yake: upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine korongo, na katikati nafasi ya mtu mmoja kupita. Jibu letu lilikuwa sahihi kwa kitabu, lakini halikufaa kwa Kinole.

Tulirudi tukazungumza na mwanachuo wetu, si kwa kumlaumu, maana kosa lilikuwa letu sote. Mada ya gurudumu na ekseli ilikuwa imeegeshwa mlangoni, na tulimsifu kwa kuipa kisogo. Tulikubaliana aandae upya somo hilo kwa vipindi viwili vya dakika 40, nasi turudi kumsikiliza.

Mambo anayopaswa kuyajua mwalimu

Kila kitu kina mahali ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika. Mahali hapo tunapaita kitovu cha uzito. Gari likiinama upande, fikiria uzi wenye jiwe unaoning'inia kutoka kwenye kitovu hicho. Uzi ukiangukia kati ya magurudumu, gari litasimama. Ukiangukia nje ya gurudumu la upande wa chini, gari litapinduka. Kwa hiyo kuna njia mbili za kulifanya gari liwe thabiti: kukishusha kitovu cha uzito, au kuongeza upana kati ya magurudumu.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua gari dogo la mfano lenye upana wa sentimita 12 kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi ukingo wa nje wa jingine, na kitovu cha uzito kikiwa sentimita 12 kutoka chini. Liweke kwa ubavu juu ya ubao wenye urefu wa sentimita 100, kisha inua ncha moja ya ubao. Gari litapinduka ncha ikifika kiasi cha sentimita 45. Shusha kitovu hadi sentimita 6, na ncha itafika kiasi cha sentimita 71 kabla gari halijapinduka. Sasa rudisha kitovu kwenye sentimita 12 lakini ongeza upana hadi sentimita 24: utapata sentimita 71 zilezile. Kupunguza kimo kwa nusu na kuzidisha upana mara mbili huleta uthabiti sawa.

Basi kwa nini magari yote yasishushwe? Hapa ndipo somo linapokuwa na utamu. Nafasi iliyo chini ya gari, yaani uvungu, ina kazi yake. Trekta la shambani lina uvungu mkubwa ili lipite juu ya matuta, mimea na matope. Hata trekta dogo la bustani limeinuliwa ili mashine ya kukatia majani ipate kufungwa chini yake. Uvungu huo una gharama: trekta hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye mteremko, na ajali za namna hiyo zimeua madereva wengi duniani.

Wako watu waliochagua kinyume chake. Katika jimbo la California, Marekani, vijana wa miaka ya 1930 walikuwa wakichukua magari kuukuu, hasa ya Ford, wakaondoa mabawa na kila kisichohitajika, wakashusha bodi karibu na ardhi, wakaongeza nguvu ya injini, kisha wakashindana mbio juu ya maziwa yaliyokauka kama lile la Muroc. Magari hayo yaliitwa hotirodi. Mwaka 1937 vyama vyao viliungana katika Southern California Timing Association ili kupima kasi na kuweka kanuni za usalama. Wengine hadi leo huyafanyia hivyo matrekta makuukuu ya bustani: huyashusha mpaka tumbo karibu liguse lami. Gari la namna hiyo hukata kona bila kulewa, lakini halifai tena kupita juu ya matuta. Mwenyewe amebadili kazi ya chombo, kwa hiyo akabadili na kimo chake.

Mfano wa karibu nasi zaidi ni chukudu la Goma, mashariki ya Kongo. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, usukani na ubao mrefu wa kuwekea mizigo. Ubao huo huwekwa chini, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kwa hiyo magunia mazito hukaa karibu na ardhi. Kwenye mwinuko mwenyewe husukuma, na kwenye mteremko hupanda akaongoza. Chombo hicho kimeheshimiwa hata kwa sanamu katika mji wa Goma. Mafundi wake hawakuanza na hesabu ya kitovu cha uzito. Walianza na mzigo na njia, kama mvulana wetu wa Kinole.

Andalio la somo

Shabaha: Mwishoni mwa vipindi viwili, mwanafunzi aweze kuonyesha kwa jaribio kwamba kimo cha mzigo na upana wa magurudumu huathiri uthabiti wa gari, na aweze kuchagua umbo la gari linaloifaa njia fulani, na kueleza sababu.

Vifaa kwa kila kundi la wanafunzi watano au sita: kipande cha mwanzi au ubao mwepesi cha kuwa bodi, magurudumu manne yaliyokatwa kutoka kandambili kuukuu, njiti mbili za mti za ekseli, kamba, kopo dogo lililojazwa mchanga na kufungwa vizuri, ubao wa sentimita 100 wenye kijiti kilichopigiliwa juu yake ili magurudumu yasiteleze, na rula. Hakuna kifaa cha kununua mjini.

Hatua ya kwanza, dakika 10. Mwalimu aingize darasani gari la miti la mwanafunzi, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwenyewe aeleze alivyoliunda. Kisha mwalimu aulize: "Nani gari lake limewahi kupinduka? Lilikuwa limebeba nini, na mzigo ulikaa wapi?" Majibu yaandikwe ubaoni bila kusahihishwa.

Hatua ya pili, dakika 30. Kila kundi liunde gari dogo. Mwalimu apite akiangalia kwamba wasichana nao wanashika kisu na kupima, wasiachiwe kazi ya kuokota takataka. Tumeona mara nyingi wavulana wakiunda na wasichana wakitazama. Hilo halirekebishiki lenyewe, mwalimu hana budi kugawa kazi kwa majina.

Hatua ya tatu, dakika 25. Kabla ya kila jaribio, kundi litabiri na kuandika: gari litapinduka ncha ya ubao ikifika sentimita ngapi? Kisha wajaribu kopo likiwa limesimama juu ya bodi, likiwa limelazwa juu ya bodi, na likiwa limening'inizwa chini ya ekseli. Kila jaribio lirudiwe mara tatu. Vipimo havitalingana na hesabu tuliyoitoa hapo juu, kwa sababu kila kundi litakuwa na gari lake lenye vipimo vyake. Mwalimu asiogope. Linalotafutwa ni mpangilio wa matokeo.

Hatua ya nne, dakika 15. Mwalimu apange mawe madogo sakafuni kuwa njia, na vitabu pande mbili kuwa ukuta na korongo. Kila kundi lipitishe gari lake. Gari lililo thabiti kuliko yote ubaoni huenda likanasa hapa. Wanafunzi waeleze wangebadili nini.

Tahadhari: Majaribio yote yafanywe kwa mfano. Gari kubwa likijaribiwa, libebe mawe badala ya mtoto, na liwe kwenye uwanja tambarare. Mwalimu asiwape wanafunzi ruhusa ya kupanda magari kwenye mteremko, bali awafundishe kuweka breki ya kipande cha tairi kuukuu kinachobana gurudumu la nyuma, na kushuka wakisukuma kwa nyuma.

Yaliyotokea darasani

Mwanachuo wetu alifundisha hivyo. Kelele zilikuwa nyingi kuliko mara ya kwanza, na kundi moja halikumaliza. Lakini kundi moja la wasichana lilipata jibu la swali tulilolishindwa njiani. Gari lao lenye kopo chini ya ekseli lilinasa kwenye mawe. Walipolipanua liligonga vitabu. Wakaondoa kopo chini, wakalilaza juu ya bodi kwa urefu wa gari, kisha wakaishusha bodi yenyewe kidogo kwa kuifunga chini ya ekseli badala ya juu yake. Gari halikuwa thabiti kama lile la kopo lililoning'inia, wala uvungu wake haukuwa mkubwa kama ule wa awali. Lakini lilipita njia yote. Mvulana mwenye kitambaa mkononi aliliomba, akaligeuza chini juu na kulitazama kwa muda mrefu.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba shule ijenge akili ya kudadisi na hali ya kujiamini. Wengi wetu tulikumbuka jembe na shamba la shule, tukasahau udadisi. Mtoto anayeunda gari leo ndiye kesho atakayefunga mkungu wa ndizi kwenye pikipiki, au kuendesha pawatila lenye tela kwenye mteremko. Akijua sababu ya kulewa kwa gari, huenda maarifa hayo yakamwokoa. Akikatazwa tu, ataendelea kuliendesha mahali ambapo mwalimu hamwoni.

Maswali ya kujadili chuoni

1. Katika kijiji utakakopangiwa, watoto huunda vyombo gani? Taja mada mbili za sayansi au hisabati zinazoweza kuanzia hapo.

2. Kundi moja limetabiri vibaya mara tatu mfululizo. Utawauliza nini kabla ya kuwaeleza?

3. Mwalimu mkuu ameyapiga marufuku magari ya miti kwa sababu ya ajali. Andika namna utakavyozungumza naye, kwa heshima, kabla ya kufundisha somo hili.