Nukta Katika Daftari: Mafunzo Niliyopata Nikifuatilia Kriketi

Mjomba wangu alifanya kazi ya kutunza uwanja katika klabu moja ya kriketi Nairobi. Alisukuma lile roli zito, akamwagilia nyasi, akachora mistari ya chokaa, na hakuna siku hata moja aliyopiga mpira katika mechi. Lakini mchezo wenyewe aliujua kuliko wengi waliovaa nyeupe. Mfukoni mwa koti alibeba daftari la shule la kurasa 96, akaandika humo kila mpira uliorushwa. Mengi ya haya niliyajua kwake na katika daftari hilo. Mengine nilijifunza kwa kukosea.

1. "Nani anaongoza?" si swali la asubuhi

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka kumi na mitano, tumeketi uwanja wa Gymkhana. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua. "Mpwa wangu, upande mmoja bado haujapiga. Utaongozaje?"

Sisi tuliolelewa na kandanda, hili hutusumbua. Bao ni bao, ukiingia dakika ya sabini unatazama ubao na kujua nani analia. Katika mechi ya siku moja, timu ya kwanza hupewa ova 50, yaani mipira 300, ikusanye mikimbio iwezavyo kabla wiketi kumi hazijaanguka. Idadi hiyo haina maana mpaka timu ya pili ianze kuifukuza. Kuanzia hapo maswali ni matatu, nayo huulizwa pamoja: imebaki mikimbio mingapi, mipira mingapi, wiketi ngapi? Anayekupa jibu moja bila mengine mawili amekudanganya bila kukusudia.

Jumatatu ya tarehe 24 Februari 2003, Kombe la Dunia, Kenya ilimaliza zamu yake hapo hapo Gymkhana ikiwa na mikimbio 210 kwa wiketi tisa. Kennedy Otieno alikuwa amepata 60. Muttiah Muralitharan alikuwa amekula wiketi nne kwa mikimbio 28 pekee. Watu wa safu yetu walishusha pumzi kama wafiwa. Wapinzani walikuwa Sri Lanka, mabingwa wa mwaka 1996, na hakuna aliyekuwa amesahau Kandy. Mwaka huo wa 1996 walitupiga huko mikimbio 398, rekodi ya dunia ya wakati huo, Aravinda de Silva peke yake 145. Kwa hesabu ya Kandy, 210 ilikuwa kifungua kinywa.

Mjomba alinoa penseli, akachora mstari chini ya ukurasa. "Mikimbio minne na kidogo kwa kila ova," akasema. "Si mingi. Lakini lazima waipige."

2. Usiende kununua mahindi

Oktoba 1996, uwanja ule ule, Pakistan dhidi ya Sri Lanka. Nilikuwa nimetoroka shule. Njaa ikanishika, nikatoka kutafuta mahindi choma. Nyuma yangu ilipasuka kelele, kisha nyingine, kisha nyingine. Nilifikiri wiketi zinaanguka. Niliporudi na hindi langu, kijana ambaye hakuna aliyelijua jina lake alikuwa anaondoka uwanjani huku watu wamesimama. Shahid Afridi, mara yake ya kwanza kabisa kupiga katika mechi ya kimataifa ya siku moja, alikuwa amefikisha mikimbio mia kwa mipira 37. Alitoka na 102, zikiwemo sita kumi na moja, yaani mipira iliyovuka mpaka hewani. Mwenyewe amesimulia kwamba gongo alilotumia lilikuwa la Sachin Tendulkar, alilopewa na Waqar Younis. Rekodi ile ilikaa miaka zaidi ya kumi na saba. Mimi nilikuwepo, na sikuiona.

Mtu mwenye akili angejifunza palepale. Tarehe 7 Novemba 2023, Australia ikifukuza 292 dhidi ya Afghanistan mjini Mumbai, ilifika 91 kwa wiketi saba. Nilikuwa kwenye matatu, foleni haisogei, betri ya simu inakata roho. Nikaizima. Nilijiambia Afghanistan wameshinda, nitasoma habari nyumbani. Nilipoiwasha, Glenn Maxwell alikuwa na 201 bila kutolewa, misuli imemkaza hata kukimbia hawezi, anapiga akiwa amesimama kama mti. Mwenzake Pat Cummins alikuwa amekula mipira 68 kupata mikimbio 12. Watu walimwimba Maxwell wiki nzima. Nikifikiria mjomba angeandika nini, naona ukurasa wa Cummins umejaa nukta.

3. Soma nukta

Hili ndilo fundisho lenyewe, na ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa.

Katika daftari la mjomba, mpira uliopigwa kwa mkimbio mmoja uliandikwa 1, uliofika mpakani kwa kuviringika 4, uliovuka hewani 6. Wiketi ilikuwa duara lililokolezwa. Mpira ambao haukuleta chochote ulikuwa nukta. Mtazamaji mgeni huziona nukta kama muda uliopotea: mrushaji amekuja mbio, mpigaji amezuia, mpira umerudishwa, watu wamepiga miayo. Mimi nilikuwa nikisubiri tarakimu kubwa tu. Zikija nilipiga kelele, zisipokuja nilizungumza na jirani.

Siku ile ya Sri Lanka mjomba alinikabidhi penseli zamu ya pili, macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Kwa mara ya kwanza nililazimika kuandika kila kitu. Collins Obuya aliingia kurusha. Mpira wake ulikuwa wa taratibu, unaelea, unadunda, kisha unapinda kutoka mahali ambapo mpigaji alitarajia kuukuta. Niliandika nukta. Nukta. Moja. Nukta. Nukta. Nukta. Kwa mkono, si kwa macho, nikahisi kitu kinakaza. Kila nukta ilikuwa inaacha deni. Mikimbio minne kwa ova ikawa minne na nusu, ikaelekea mitano. Mpigaji aliyekuwa anazuia kwa utulivu akaanza kutoka nje ya mstari wake kuutafuta mpira, na hapo ndipo Obuya alipomtaka.

Hashan Tillakaratne akaenda. Mahela Jayawardene akaenda. De Silva, yule yule wa Kandy, alikuwa amefika 41 na ndiye aliyekuwa anatunyima usingizi. Obuya akampata, Kennedy Otieno akadaka nyuma ya vijiti. Nilikoleza duara lile mpaka karatasi ikatoboka. Baadaye Kumar Sangakkara, kisha Chaminda Vaas. Ova kumi, mikimbio 24, wiketi tano. Niligeuza ukurasa kutazama ule wa Muralitharan wa asubuhi, ova kumi, 28, nne, nikaziweka hesabu hizo mbili sambamba. Mmoja alikuwa bingwa wa dunia aliyeogopwa kila bara. Mwingine alikuwa kijana wa Nairobi wa miaka 21.

Sri Lanka ilimalizika kwa 157. Tulishinda kwa mikimbio 53. Wachezaji walizunguka uwanja wakipunga bendera, na watu ambao maishani hawakuwahi kusalimiana walikumbatiana. Mjomba hakusimama. Alikuwa akijumlisha upande wa chini wa ukurasa kuhakikisha hesabu yangu inalingana na ubao.

4. Wazee wa chupa ya chai hukosea kwa uhakika

Kila uwanja una benchi lao. Wana chupa ya chai, sambusa zilizofungwa kwenye gazeti, na utabiri. Saa nne asubuhi watakuambia mechi imekwisha. Wana maelezo ya unyevu wa nyasi na upande wa upepo, na kwa kweli nusu ya maelezo ni sahihi. Kaa karibu nao, utapata elimu na sambusa. Usiweke dau kwa maneno yao.

Na wakikukataza kubadilisha kiti kwa kuwa wiketi ilianguka ukiwa umeketi hapo, tii. Haigharimu kitu.

5. Pointi za mezani hazina ukurasa

Siku tatu kabla ya Sri Lanka, New Zealand walitakiwa kucheza nasi Nairobi. Hawakuja. Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ilikuwa imelipuliwa, nao walihofia usalama. Kenya ikapewa pointi nne. Mjomba aliandika tarehe juu ya ukurasa, akauacha mtupu. Sikuwahi kumwona akiacha karatasi ikipotea bure kabla ya siku hiyo.

Tulipofika nusu fainali, wako waliosema tumebebwa na pointi zile. Zilitusaidia, siwezi kukana. Lakini tulipiga pia Canada, Sri Lanka, Bangladesh, kisha Zimbabwe kule Bloemfontein, na kurasa hizo zote zimejaa. Ninayebishana naye huwa namwomba anitajie mtu aliyetugawia bure wiketi za de Silva na Sangakkara.

6. Shabiki mwenzako anaweza kuwa na mioyo miwili

Wakati huo nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi Ngara. Tajiri wangu, Mhindi aliyezaliwa Nairobi kama babake, ndiye aliyenipa ruhusa ya kwenda Gymkhana, kisha nikamkuta huko akipiga makofi kunishinda. Nusu fainali ya tarehe 20 Machi ilikuwa dhidi ya India, mjini Durban. Asubuhi hiyo alifungua duka bila kusema neno. Wateja walimchokoza: "Mzee, leo uko wapi?" Akajibu kwamba leo yuko dukani.

India ilipata 270, Sourav Ganguly 111 bila kutolewa. Sisi tuliishia 179, Steve Tikolo akipigana mpaka 56. Tajiri alipandisha sauti ya televisheni kila Tikolo alipokabili mpira, akaishusha kila wiketi ilipoanguka. Hakushangilia kitu chochote siku nzima. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia, nikakosa pa kuanzia. Katika timu yetu alikuwemo Hitesh Modi, ambaye babake, Subhash, alikuwa mwamuzi. Mwaka 2006 Nairobi, Kenya ikicheza na Bangladesh, mzee huyo aliinua kidole na kumtoa mwanawe kwa mguu mbele ya wiketi. Nilipomsimulia tajiri kisa hicho alicheka sana, kisha akasema kwamba yule angalau alijua kanuni inataka nini.

7. Unaweza kushindwa na bado ukatunza ukurasa

Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja mwaka 2014. Vijana wa leo huniuliza kama kweli tuliwahi kufika nusu fainali, nami sianzi na Sri Lanka. Ninawafungulia Jumamosi ya tarehe 15 Machi 2003, Durban, dhidi ya Australia.

Tulipata 174 tu, na Brett Lee alikuwa ameangusha wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo. Australia wakaanza kufukuza kana kwamba wana basi la kuwahi. Ndipo alipopewa mpira Asif Karim, mzaliwa wa Mombasa, miaka 39, aliyekuwa amestaafu akaitwa tena. Akamtoa Ricky Ponting. Akamtoa Darren Lehmann. Akamtoa Brad Hogg. Ova nane na mipira miwili, ova sita kati ya hizo bila mkimbio hata mmoja, jumla mikimbio saba, wiketi tatu. Australia walishinda kwa wiketi tano, lakini mchezaji bora wa mechi alitoka kwetu. Mkahawa tulimokuwa tunatazama mechi ulisimama wote, mpaka mpishi.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika. Kesho yake nilimpelekea mjomba daftari. Alivaa miwani, akapitisha kidole polepole juu ya ukurasa wa Karim, nukta kwa nukta, midomo ikitembea. Alipofika mwisho akarudia tena kutoka juu.

"Ova nane na mipira miwili ni mipira hamsini," akasema. "Hapa ipo arobaini na tisa."

Nikamwambia labda ni ule mpira uliofuata wiketi ya Ponting, tulipokuwa tumesimama juu ya viti. Akanirudishia penseli. Nilijaribu kukumbuka, nikashindwa, na pengo lile bado lipo.