Vichomeo vya Maabara na Mwali wa Buluu

Mwanafunzi wa Mwandiga, karibu na Kigoma, huenda akaijua karabai kabla ya kuingia maabara. Kwa miaka mingi wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika waliwavuta samaki usiku kwa mwanga wake, ingawa siku hizi wengi hutumia taa za umeme. Karabai hufuata kanuni ileile ya kichomeo cha Bunsen: mvuke wa mafuta hutoka kwa kasi katika tundu dogo, huvuta hewa, na kuchanganyika nayo kabla ya kuungua. Mwali wenyewe ni wa buluu. King'aacho ni kifuko kinachopashwa moto na mwali huo.

Robert Bunsen na fundi Peter Desaga waliunda kichomeo hicho mjini Heidelberg, Ujerumani, mnamo 1855. Matundu ya hewa yakizibwa, chembe za kaboni zisizoungua hung'aa. Mwali huwa wa manjano na huacha masizi. Yakifunguliwa, mwali huwa wa buluu na wenye joto kali. Kichomeo cha Teclu, ambacho sehemu ya chini ya bomba lake ina umbo la pia, huchanganya hewa vizuri zaidi. Kile cha Meker kina wavu mdomoni, nao huugawa mwali na kueneza joto sawasawa.

Mahali pasipo na bomba la gesi, mtungi hutumika. Hapa yafaa tuwe waangalifu. Ujazo mmoja wa methani huhitaji ujazo 2 wa oksijeni, yaani takriban ujazo 10 wa hewa. Propani huhitaji ujazo 5 wa oksijeni, yaani takriban ujazo 24 wa hewa. Kwa hiyo kichomeo cha gesi ya mtungi sharti kiwe na tundu la gesi lililo dogo zaidi. Kisipofaa, hutoa masizi, na pengine kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu. Isitoshe, propani na butani ni nzito kuliko hewa: zikivuja hutuama sakafuni. Madirisha ya juu hayatoshi; mlango nao uwe wazi.

Taa ya spiriti yatosha kupasha neli ya majaribio. Lakini isijazwe kamwe ingali inawaka, kwani mwali wake hauonekani vema mchana.

Zoezi: Andika mlinganyo wa kuungua kwa butani. Je, ujazo mmoja wa butani wahitaji ujazo gani wa oksijeni?