Somo la 6: Mkate Nyikani

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 16:6–14, Mwa. 21:14–19, Hes. 14:26–35, Kumb. 8:2–14, 1 Fal. 19:1–18, Mt. 4:1–11, Mt. 14:13–21, Ufu. 12:6, 14.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 8:3. Darasa lilisome kwa pamoja kutoka katika Biblia.

Likitajwa jangwa, wengi hufikiria mchanga mtupu. Neno la Kiebrania midbar lina maana pana zaidi. Ni nchi iliyo nje ya mashamba na kuta za mji, yenye vichaka na majani machache, ambako wachungaji hupeleka makundi yao. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili husema mara "jangwa", mara "nyika". Musa alikuwa akichunga huko alipokiona kijiti kinachowaka moto. Hata kitabu cha Hesabu, kwa Kiebrania, huitwa Bemidbar, yaani "nyikani".

Nyika haina ghala wala soko. Anayeingia huko huacha nyuma vitu alivyozoea kuvitegemea. Kwa hiyo neno hili limefaa kueleza misimu migumu ya maisha: kufiwa, kuachishwa kazi, ugonjwa wa muda mrefu, maombi yanayoonekana kutojibiwa. Na mtu akifika huko, mara nyingi wenzake huanza kuulizana: "Amekosa nini?" Somo la juma hili linaonyesha kwamba watu huingia nyikani kwa milango tofauti, na kwamba Mungu hulisha wote.

JUMAPILI: Aliyefukuzwa

Soma Mwanzo 16:6–14 na 21:14–19. Ni nini kilichompeleka Hajiri nyikani mara ya kwanza, na mara ya pili?

Hajiri alikuwa mjakazi kutoka Misri. Mara ya kwanza alikimbia mateso ya bibi yake, na malaika akamkuta penye chemchemi katika njia ya Shuri. Mara ya pili aliondoshwa asubuhi na mapema, akiwa na mkate na kiriba cha maji. Maji yalipokwisha, alimlaza mwanawe chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali ili asimwone akifa.

Mjakazi huyu ndiye mtu wa kwanza katika Biblia anayeelezwa kumpa Mungu jina, naye alimwita Mungu anayemwona. Tena, habari ya kisima haisemi kwamba Mungu alikichimba wakati ule. Inasema alimfumbua macho, naye akakiona. Huzuni yaweza kumficha mtu kisima kilicho karibu. Mtu wa namna hiyo huhitaji wa kumshika mkono na kumwonyesha, wala si wa kumlaumu kwamba hakukiona.

Je, ni watu gani katika jamii yako walioingia nyikani kwa sababu ya makosa ya wengine?

JUMATATU: Walioasi

Soma Hesabu 14:26–35 na Kumbukumbu la Torati 8:2–14. Miaka 40 ya Israeli ilitokana na nini? Je, katika miaka hiyo Mungu aliwafanyia nini?

Hapa mlango ni mwingine. Wapelelezi 12 walirudi kutoka Kanaani, na watu wakawaamini wale 10 waliovunja mioyo. Miaka 40 ilikuwa adhabu, mwaka mmoja kwa kila siku ya upelelezi. Hata hivyo, mana haikukoma. Iliendelea mpaka walipokula mazao ya nchi ya Kanaani (Yos. 5:12). Siku ya sita ilipatikana maradufu, na siku ya saba watu wakapumzika (Kut. 16:22–30). Hivyo hata waliokuwa chini ya adhabu waliletewa chakula, na hawakunyimwa Sabato.

Musa alipotazama nyuma, hakuficha kwamba nyika iliwatesa na kuwajaribu. Lakini onyo lake kubwa lilihusu siku za mbele, watakapokaa katika nyumba nzuri, wameshiba, kisha wamsahau aliyewalisha.

JUMANNE: Aliyechoka

Soma 1 Wafalme 19:1–18. Andika kwa mpangilio mambo ambayo Mungu alimfanyia Eliya. Je, swali lilikuja lini?

Eliya hakufukuzwa na jamaa yake, na alikuwa ametoka kumwitikia Mungu kwa ujasiri pale Karmeli. Tishio moja la Yezebeli lilitosha kumwangusha. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akatembea mwendo wa siku moja nyikani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe.

Malaika hakuja na hotuba. Alimgusa, akamwambia aamke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena, akikiri kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Baada ya hapo alitembea siku 40 hadi Horebu, na huko ndiko alikoulizwa anafanya nini. Kisha alipewa kazi, akapewa Elisha awe mwenzake, na akaambiwa kwamba wako 7,000 wasiomsujudia Baali.

Chukua mfano wa mwalimu aliyefiwa na mke, akaacha kuja Shule ya Sabato. Darasa laweza kutumia Sabato tatu kujadili imani yake. Mama mmoja anaweza kumpelekea uji, akafua nguo za watoto, akaondoka bila kuuliza lolote. Ni nani kati ya hao aliyefanya kama malaika? Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Swali lina wakati wake, lakini kwa Eliya mkate ulitangulia.

JUMATANO: Aliyeongozwa na Roho

Soma Mathayo 4:1–11 na 14:13–21. Linganisha habari hizi mbili kuhusu mkate.

Yesu aliingia nyikani mara tu baada ya ubatizo, akiongozwa na Roho. Kwa hiyo kuwa nyikani si lazima kuwe dalili ya dhambi. Majibu yake yote matatu kwa mjaribu yalitoka katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, maneno waliyoambiwa Israeli mwishoni mwa safari yao ya nyikani. Pale walipoanguka wao, Yeye alisimama.

Alikataa kugeuza mawe yawe mkate kwa ajili ya njaa yake mwenyewe. Lakini baadaye, mahali pasipo na watu wala chakula, aliwalisha wanaume wapatao 5,000, mbali na wanawake na watoto. Uwezo alioukataa kwa faida yake aliutumia kwa faida ya wengine. Wanafunzi walitaka makutano waagwe wakajinunulie chakula. Yesu akawaambia wao ndio wawape.

ALHAMISI: Kanisa Nyikani

Soma Ufunuo 12:6, 14. Ni nini kilichoandaliwa kwa ajili ya mwanamke aliyekimbilia nyikani?

Waadventista huzielewa siku 1,260 kuwa miaka, tangu 538 hadi 1798. Katika kipindi hicho Wawaldo walilitunza Neno katika mabonde ya milima ya Alps, na mwaka 1655 wengi wao waliuawa huko Piedmont.

Waandishi Wakristo nao walitumia picha ya nyika. John Bunyan alifungwa huko Bedford, Uingereza, kuanzia 1660 hadi 1672, kwa kuhubiri bila kibali. Kitabu chake cha safari ya msafiri, kilichotoka 1678, kinaanza na mtu anayetembea nyikani, na nyika hiyo ni dunia hii. Msafiri wake hafiki peke yake: njiani anapata nyumba ya kupumzika, chakula, na wenzi.

Unabii hausemi tu kwamba mwanamke alifichwa. Unasema alilishwa. Kanisa lililolishwa nyikani lina deni kwa kila aliye nyikani leo.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote, sura inayohusu majaribu ya Yesu nyikani.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini huwa rahisi kutafuta kosa la aliye nyikani kuliko kumpelekea maji?

2. Israeli waliteseka kwa kosa lao wenyewe, na bado walipewa mana. Hilo linafundisha nini kuhusu kumtendea mshiriki aliyewekwa chini ya nidhamu ya kanisa?

3. Kuna wakati wa kumuuliza mtu maswali magumu, kama Eliya alivyoulizwa Horebu. Tutautambuaje wakati huo?

4. Fungueni kumbukumbu za mahudhurio za darasa lenu. Ni nani ambaye hajaonekana kwa Sabato kadhaa? Kabla ya kufunga kwa maombi, amueni nani ataenda kwake juma hili, na atabeba nini mkononi.