Mafunzo Niliyopata Nikichagua Tapeti za Corolla DX

Corolla DX ninayoiendesha ni ya miaka ya themanini, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na injini iliyokuja nayo ilitolewa zamani. Chini ya boneti sasa mna 4A-GE, injini ya Toyota ya sisi 1,587, yenye kamshafti mbili na valvu 16, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1983. Tulipoifungua ili kuiongezea nguvu, pistoni na gasketi hazikutusumbua. Kilichotuweka chini ya mwembe tukijadiliana hadi magharibi ni tapeti. Kazi ilifanyika Kiwanjani, Isiolo, mtaa ulio kando ya uwanja wa ndege, na haya ndiyo niliyoondoka nayo.

1. Fundi wa Land Cruiser anazijua tapeti

Wengi walinishauri nipeleke hedi Nairobi, eti Isiolo hakuna anayeelewa injini za mbio. Hoja hiyo haina mashiko. Land Cruiser nyingi zinazobeba watu na mizigo kwenda Merti, Garba Tula na Marsabit zina injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2. Ndani yake kamu hukanyaga kikombe cha chuma, yaani tapeti, moja kwa moja, na juu ya kikombe hukaa shimu, kisahani kigumu ambacho unene wake huamua nafasi inayobaki kati ya kamu na tapeti. 4A-GE imejengwa kwa mpango huohuo. Mzee aliyenifanyia kazi ameseti tapeti za 1HZ maisha yake yote, na alipoiona hedi yangu hakuhitaji kuelezwa kitu. Alichoniambia ni kimoja tu: “Ndugu yangu, usinunue chochote kabla sijapima.”

Onyo dogo hapa: mpango kufanana hakumaanishi spea zinaingiliana. Shimu ya injini moja isilazimishwe kwenye nyingine kabla ya kupima kipenyo.

2. Kamu ndiyo inayochagua tapeti

Hili ndilo funzo kubwa. Watu huanza kwa kuuliza tapeti bora ni za kampuni gani, ilhali swali la kwanza ni kamu itainua valvu kiasi gani na injini itazungushwa hadi wapi.

Kamu ya kiwandani ya 4A-GE huiweka valvu wazi kwa nyuzi 240 na kuiinua milimita saba na ushee. Kwa kipimo hicho, shimu iliyokaa juu ya kikombe haina wasiwasi wowote. Ukiweka kamu kali zaidi, pua yake huifagia shimu hadi karibu na ukingo. Ikiufikia ukingo, na springi zikawa dhaifu hata tapeti ikaachana na kamu injini inapozunguka kwa kasi, shimu inaweza kuruka kutoka mahali pake. Ikiruka, kikombe huvunjika, kamu huchubuka, na hedi yenyewe inaweza kupasuka. Ndiyo maana wajenzi wa injini za mbio hubadilisha mpango wote. Huweka kikombe chenye uso mtupu, na shimu ndogo huketi chini yake, juu ya mkia wa valvu. Kamu hupata uso mzima wa kutembelea, na uzito unaopanda na kushuka hupungua.

Lakini mpango huo una gharama yake. Shimu ya juu hubadilishwa kamu ikiwa mahali pake. Unakandamiza kikombe kwa kifaa chake maalumu, unachomoa shimu, unaweka nyingine. Shimu ya chini hudai kamshafti zitolewe kila unapotaka kurekebisha tapeti moja. Kwa timu ya mbio yenye mafundi wake hilo si tatizo. Kwa gari linalokwenda Archer's Post siku ya kazi na kurudi jioni, ni mzigo.

Kisha kuna suala la barabara. Isiolo iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia ya Nanyuki hupanda kupita Timau hadi zaidi ya mita 2,000. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda. Kamu kali sana hupeleka nguvu zote juu, kwenye mizunguko mingi, na kuiacha injini ikiwa hoi katikati, palepale unapohitaji msaada nyuma ya lori mlimani. Tukachagua kamu ya nyuzi 256 ambayo mtengenezaji wake anairuhusu itumike na shimu ya juu. Kwa uamuzi huo, suala la tapeti likaamuliwa pia: vikombe vipya vya kawaida, shimu za kawaida, springi mpya.

Wapo waliosikitika kwamba sikuweka “vitu vya mashindano”. Ninawakumbusha Safari Rally ya mwaka 1990, iliyoyatafuna magari mengi hata walioimaliza wakawa wachache. Patrick Njiru aliingia na Subaru Legacy ya Kundi N, yaani gari lililokaribiana sana na lile linalouzwa dukani, akamaliza wa nane. Lilikuwa gari la kwanza la kundi hilo kuwahi kumaliza Safari. Spea ya kawaida iliyopimwa na kufungwa vizuri haipaswi kudharauliwa katika nchi yenye barabara kama zetu.

3. Tapeti za oili zina dunia yake

Rafiki mwenye Lancer Evolution ya 4G63 alinishauri nifuate njia yake. Injini yake hutumia tapeti zinazojaa oili na kujirekebisha zenyewe, hazihitaji shimu wala filagaji, kile kibamba cha kupimia nafasi. Ni starehe, mradi oili iwe safi na presha iwepo. Zikianza kugonga asubuhi, pima kwanza presha ya oili kabla ya kununua seti mpya. Mara nyingi tatizo liko kwenye uchafu au pampu. Kwa 4A-GE ushauri huo haukuwa na nafasi.

4. Pima kabla jua halijapanda

Vipimo vya 4A-GE huchukuliwa injini ikiwa baridi: valvu za kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa moshi 0.20 hadi 0.30. Kiwanjani saa nane mchana chuma kilichoachwa juani hakishikiki kwa mkono, kwa hiyo tulipima alfajiri, gari likiwa limelala kivulini usiku kucha.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua unene wa shimu iliyopo, ongeza nafasi uliyoipima, toa nafasi unayoitaka. Mfano: valvu ya moshi ina shimu ya 2.80 na filagaji inaonyesha 0.12, nafasi iliyobana mno. Unalenga 0.25. Jibu ni 2.67. Shimu za Toyota za 4A-GE huja katika vipimo 17, kuanzia 2.50 hadi 3.30, zikipishana kwa 0.05, kwa hiyo utachagua kati ya 2.65 na 2.70. Zote mbili zitakuweka ndani ya mipaka. Mzee alichukua 2.65 bila kusita, kwa sababu valvu hukaa chini kidogo kidogo kwenye kiti chake kadiri inavyotumika, na nafasi huzidi kubana.

Hilo ndilo linaloeleza kwa nini hedi iliyosagwa viti vya valvu haiwezi kurudishiwa shimu zake za zamani kwa kubahatisha. Valvu imezama, mkia wake umepanda, nafasi imepungua. Na tapeti iliyobana haina kelele. Valvu haifungi sawasawa, haipati nafasi ya kupoza joto lake kwenye kiti, na mwishowe huungua huku dereva akisifu jinsi injini ilivyotulia. Afadhali tapeti inayosikika kidogo.

5. Kipya nacho kipimwe

Muuzaji mmoja wa Nairobi alitutumia kwa basi seti ya vikombe 16 katika maboksi ya kupendeza. Maikromita ilitoa hukumu: vipenyo vilitofautiana kutoka kikombe hadi kikombe, na viwili vilikwama kwenye matundu yao. Tulivirudisha siku iliyofuata. Kikombe kizuri, kikipakwa oili, hushuka ndani ya tundu lake kwa kusukumwa na kidole, bila kuyumba na bila kukwama. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008 na mamlaka inayoisimamia, lakini mamlaka hiyo haipo mezani kwako unapofungua boksi. Anayekuuzia akikataa mapema kwamba bidhaa inaweza kurudishwa, tafuta mwingine.

Ukiamua kutumia vikombe vya zamani, kila kimoja kirudi kwenye tundu lake. Panga kwa namba tangu unapovitoa.

6. Vumbi na oili

Shimu na kamu hutenganishwa na utando mwembamba wa oili tu. Vumbi la barabara zetu likipenya kwenye chujio la hewa lililochakaa, oili hugeuka kuwa msasa. Kamu mpya na shimu mpya zipakwe mafuta mazito ya kufungia injini kabla ya kuwashwa. Oili nyingi za petroli za siku hizi zimepunguzwa zinki na fosforasi ili kulinda kifaa cha kusafisha moshi, na madini hayo ndiyo yanayokinga chuma kinachosugua chuma. Soma lebo. Badilisha oili mapema baada ya safari za kwanza, halafu pima tapeti upya.

Nina ombi kwa wenye maduka ya spea hapa Isiolo. Shimu tulizozihitaji hazikupatikana mjini. Zilitoka Nairobi moja moja, gari likisubiri juu ya mawe. Wekeni akiba ya shimu kwa vipimo vyake vyote, zimepangwa kwa unene. Wateja wenu si sisi wachache wenye DX tu. Kila Land Cruiser ya 1HZ inayopita hapa kwenda Moyale itahitaji shimu za kipenyo chake siku moja.