Mpaka Usikatize Huduma: Somo Kuhusu Usimamizi wa Kesi ya Mtoto Aliyedhulumiwa

Busia na Malaba ni miji iliyogawanywa na mpaka, lakini ikaunganishwa na soko, ndoa, shule na zahanati. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwezi Februari 2018, lori hukaguliwa mara moja tu, katika upande linakoingia, na karatasi za shehena huliandama hadi mwisho wa safari. Katika somo hili tunauliza: mtoto aliyedhulumiwa anapovuka mpaka huo huo, ni nani anayemwandama?

Maana ya kesi

Wengi wakisikia neno kesi huwaza mahakama. Katika huduma za afya na ustawi wa jamii, kesi ni mtu mmoja pamoja na mahitaji yake yote: tiba, usalama, haki, malezi na masomo. Kuisimamia ni kumpa mtu huyo mhudumu mmoja anayemjua, jalada moja na mpango mmoja unaofuatwa hadi atakapopona na kutulia.

Mfano

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa miaka 14 anaishi na shangazi yake Malaba, katika wilaya ya Tororo. Wazazi wake wako Busia, Kenya. Amenajisiwa siku ya soko, na mshukiwa amevuka mpaka. Msichana huyu akiachwa ajitafutie msaada, atasimulia masaibu yake kwa wageni wanne, na saa za tiba zitampita.

Hatua za kufuata

Kwanza ni hospitali. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU sharti ianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayookolewa ina faida. Hutumiwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Mtoto asioge kabla ya kupimwa. Nguo zake zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa unyevu huharibu ushahidi. Matibabu hayangoji fomu ya polisi.

Pili ni polisi. Upande wa Kenya, ulizia dawati la jinsia na fomu ya P3. Upande wa Uganda, ulizia Kitengo cha Ulinzi wa Watoto na Familia na fomu ya PF3A. Fomu hizi haziuzwi.

Tatu ni msimamizi wa kesi. Kenya ni afisa wa watoto; Uganda ni afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Yeye ndiye anayehakikisha kwamba dawa zinamezwa, vipimo vinarudiwa, makao ni salama na mtoto anarejea shuleni.

Nne ni makabidhiano. Msichana wetu akirudishwa kwa wazazi siku ya kumi, bado ana siku 18 za dawa. Msimamizi wa Tororo humjulisha mwenzake wa Busia kabla ya safari, humpa barua ya rufaa na nakala ya kumbukumbu za tiba, kwa siri, kisha huthibitisha kwamba mtoto amepokewa. Mshukiwa naye hakingwi na mpaka: hati ya kumkamata iliyotolewa upande mmoja huweza kuidhinishwa na hakimu wa upande wa pili.

Kuhusu kumaliza nyumbani

Tunawaheshimu wazee wetu, na migogoro mingi imetulizwa na hekima yao. Hata hivyo, unajisi si deni la kulipwa kwa ng'ombe. Nchini Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 hakiwaachii wazazi wala wazee uamuzi wa kusitisha kesi. Tena ng'ombe hamalizi siku 28 za dawa, wala hamwondolei mtoto hofu ya kukutana na aliyemdhulumu kisimani.

Maswali ya kujadili barazani

1. Ni nani katika kijiji chetu anayejua jina la afisa wa watoto wa upande wetu, na la mwenzake wa ng'ambo?
2. Mtoto akidhulumiwa usiku, tutamfikishaje hospitalini kabla ya kupambazuka?
3. Ni maneno gani ya majirani yanayomfanya mtoto anyamaze?

Namba ya msaada kwa watoto ni 116, bila malipo, Kenya na Uganda pia. Tuwafundishe watoto wetu kuikariri.