Nyumba za Wafanyakazi: Jukumu ni la Nani?



Somo hili linahusu jambo ambalo kila mmoja wetu analijua kwa mfuko wake. Tukiulizana kwa nini kodi ya nyumba inameza mshahara, mara nyingi tunamlaumu mwenye nyumba. Yeye yumo, lakini si yeye aliyegawa ardhi wala aliyetunga sheria. Tutazame Kenya, jirani zetu, kwa sababu huko mfanyakazi hukatwa fedha za nyumba kabla hajaushika mshahara.

Tuanze Mukuru, Nairobi, kando ya Eneo la Viwanda. Wafanyakazi wengi hukaa pale katika vyumba vya mabati, wapate kwenda kazini kwa miguu. Katika miaka ya 1980 na 1990 serikali iliwagawia watu binafsi na makampuni sehemu kubwa ya ardhi hiyo kwa hati za miaka 99, kwa sharti kwamba wajenge viwanda vidogo. Wengi hawakujenga, na bado hati zao hazikufutwa. Vibanda vikaota. Kwa kuwa kwenye karatasi wakazi walihesabiwa kuwa wavamizi, mabomba na vyoo havikuletwa kwa mpango, na maji ya debe yakauzwa ghali kuliko yale ya bomba katika mitaa ya wenye nacho. Mwaka 2021 sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kupisha barabara, na maelfu wakalala nje. Upungufu wa namna hii haukushuka kama ukame. Ulitiwa saini ofisini.

Sasa sheria. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kufaa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, au fedha za kutosha kulipia kodi juu ya mshahara. Tulishike neno hilo "kutosha". Amri ya jumla ya mishahara huweka posho ya nyumba kuwa asilimia 15 ya mshahara wa kima cha chini, na amri hiyo hutolewa na Waziri wa Kazi. Kima kikiwa kidogo, asilimia 15 yake ni kidogo zaidi! Nayo sheria ya kudhibiti kodi iliwalinda wapangaji wa nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi halali ikapimwa kwa ile iliyolipwa tarehe 1 Januari 1981. Bei zilipopanda, kinga ikabaki nyuma.

Wenzetu wa mashamba ya chai hupewa nyumba za shamba. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Mtu wa namna hiyo hufikiri mara mbili kabla ya kugoma, na mwajiri anajua.

Mwaka 2023 ikaja tozo ya nyumba: asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri aongeze kiasi hicho hicho. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ilisema tozo inavunja Katiba, na sababu mojawapo ni kuwabagua wenye mishahara. Machi 2024 ikatungwa sheria mpya iliyowagusa na wenye mapato mengine. (Lugha yetu huita malipo ya serikali kodi, na malipo ya mwenye nyumba kodi. Mpangaji wa Nairobi sasa anazijua zote mbili kwa chumba kimoja.)

Tuseme haki: nyumba zimejengwa. Mei 2025, Mukuru hiyo hiyo, nyumba 1,080 zilikabidhiwa, na chumba kimoja kilitangazwa kwa shilingi 3,900 kwa mwezi. Hilo ni jema kuliko hotuba. Lakini mpango ni wa kulipa hadi miaka 30 ndipo nyumba iwe yako. Kibarua anayeitwa getini siku kwa siku ataahidi vipi miaka 30? Naye hukatwa tozo kama wengine. Kwake yeye serikali ingejenga nyumba za kupanga zilizo mali ya umma, kwa kodi inayofuata kipato, na ingetwaa ile ardhi ambayo masharti ya hati zake hayakutimizwa.

Kwa kikao kijacho, kila mmoja alete hati yake ya mshahara. Tuandike ubaoni posho ya nyumba tunayopewa, na kando yake kodi tunayolipa kweli. Walio kwenye nyumba za kambi waulize kamati ya tawi: mkataba wetu unatoa siku ngapi za kuhama baada ya kuachishwa?